Nilijibu "Ndiyo" Bila Kusikia

Mimi ni bwana shamba. Nafanya kazi katika kata moja ya pembezoni mwa Temeke, upande wa Mbagala na Chamazi, mkoa wa Dar es Salaam. Watu wengi wa mikoani wanadhani Dar es Salaam ni maghorofa tu. Sivyo. Huku kwetu watu wanalima mchicha, matembele na mihogo. Nyumba nyingi zina kuku. Mimi huwatembelea wakulima, nao hunipigia simu wakipata shida.

Leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Nataka kuwaeleza habari ya masikio yangu, simu yangu, na kosa nililolifanya. Naeleza kosa hili ili lisitokee kwako.

KUKU WA MAMA MMOJA

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2018, saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa kituoni Mbagala Rangi Tatu nikingoja gari. Makondakta walikuwa wanaita abiria. Pikipiki zilikuwa zinapita. Simu yangu ikaita. Aliyepiga ni mama mmoja mkulima, mtu mzima kunizidi.

Nikasema, "Shikamoo mama."

Akaitikia. Kisha akasema jambo juu ya kuku wake. Mimi nilisikia, "Bwana shamba, kuku wanakula."

Nikajibu, "Ndiyo mama. Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali. Swali lile sikulisikia hata neno moja. Niliona aibu kumwambia arudie. Nikasema tena, "Ndiyo mama, ndiyo." Akashukuru, akakata simu.

Siku nne baadaye nilifika kwake. Nilikuta mabanda matupu. Mama yule hakusema kuku wanakula. Alisema kuku wanakufa. Na swali lake lilikuwa hili: "Je, niwauze wale walio wazima?" Mimi nilijibu ndiyo.

Basi akawauza. Alikuwa na kuku 42. Aliuza 15 kwa majirani na kwa mchuuzi. Waliobaki kwake walikufa, isipokuwa watatu. Wale aliowauza nao walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Nyumba nne za jirani zikapoteza kuku wao. Fedha za kuku wale mama alizitegemea kumnunulia mjukuu wake sare za shule na madaftari.

Ugonjwa ule ulikuwa kideri. Wafugaji mnaujua. Kideri hakina dawa ya kutibu. Kinga yake ni chanjo. Ipo chanjo ya kutia tone moja katika jicho la kila kuku aliye mzima, kila baada ya miezi mitatu. Kuku akiugua hauzwi wala hapelekwi kwa jirani. Aliyekufa huzikwa au huchomwa moto. Mambo haya nayajua vizuri. Nimeyafundisha miaka mingi. Lakini siku ile elimu yangu haikumsaidia mama, kwa sababu sikusikia alichosema, na nikajifanya nimesikia.

NILIVYOFICHA

Ukweli ni kwamba nilikuwa najua. Kwa miaka mitatu masikio yangu yalikuwa yanapungua. Mke wangu aliniambia redio iko juu mno. Watoto waliniita mara tatu ndipo nigeuke. Usiku, nyumba ikitulia, nilisikia mlio kama wa nyenje ndani ya masikio.

Kwenye simu ndipo nilipopata taabu zaidi. Mkulima akisema "sitini" mimi nasikia "tisini." Akisema "sita" nasikia "tisa." Siku moja mkulima aliniomba nimwandikie mifuko sita ya mbolea. Nikaandika tisa.

Kwa nini sikusema? Kwanza, niliona aibu. Nilidhani watu watasema bwana shamba amezeeka kabla ya wakati. Pili, niliogopa kazi. Nilijiuliza, "Wakubwa wakijua, watasema mtu asiyesikia atawasaidiaje wakulima?" Nina mke na watoto. Basi nikajizoeza kusema "ndiyo," "sawa," na "vizuri." Mtu akicheka, nami nacheka. Akisikitika, nami nasikitika.

Labda nawe unafanya hivyo. Labda baba yako au mama yako anafanya hivyo. Tazama vizuri mtu anayejibu "ndiyo" kila mara. Huenda hakubali. Huenda hasikii.

DAKTARI ALIVYONIELEZA

Baada ya habari ile ya kuku sikulala vizuri. Nikaenda zahanati. Mganga alichungulia masikio yangu, akakuta hayana nta wala usaha. Akaniandikia barua kwenda hospitali kubwa, kwenye idara ya pua, masikio na koo.

Huko waliniweka katika chumba kimya. Walinivisha vifaa vya kusikilizia masikioni. Milio midogo ilipigwa, mmoja mmoja. Kila nikisikia mlio nilibonyeza kitufe. Kipimo hakiumi hata kidogo. Kilipokwisha, daktari alinionyesha karatasi. Milio minene niliisikia vizuri. Milio myembamba mingi sikuisikia.

Daktari alinieleza hivi. Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana. Macho hayawezi kuviona. Sauti ikiingia, vinywele hivyo hutikisika na kupeleka habari kwenye ubongo. Makelele makubwa huviumiza. Mimi nilivifananisha na mpunga. Mpunga ukikanyagwa mara moja, unaweza kuinuka. Ukikanyagwa kila siku, unakufa. Lakini mpunga unaweza kuupanda tena. Vinywele vya sikio vikifa haviwezi kupandwa tena.

Akaniuliza kazi nilizofanya. Nilipopata cheti changu cha kilimo, niliendesha trekta miaka sita katika shamba la mpunga. Trekta lile halikuwa na kibanda, nami sikuziba masikio. Baadaye chumba changu cha kazi kilikuwa ukuta mmoja na mashine ya kusaga unga. Daktari akatikisa kichwa. Akasema ukiwa mahali ambapo lazima upaze sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, makelele hayo ni makubwa mno kwa masikio.

Makelele si sababu ya pekee. Surua na homa ya uti wa mgongo huweza kuleta uziwi. Sikio la mtoto linalotoa usaha bila kutibiwa huweza kuharibika. Dawa nyingine nazo, kama sindano za jentamaisini, zikitumika vibaya huumiza masikio. Uzee pia hupunguza usikivu. Tena, tuache kuchokoa masikio kwa njiti na manyoya ya kuku. Tusitie mafuta ya moto.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2021. Lilisema watu zaidi ya bilioni moja na nusu duniani wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani. Kati yao, kama milioni 430 wanahitaji kusaidiwa. Kumbe sikuwa peke yangu.

KWA NINI SIMU NI NGUMU

Nilimwambia daktari, "Sauti za watu nazisikia. Maneno ndiyo siyapati." Akasema wagonjwa wengi husema hivyo hivyo.

Sababu yake ni hii. Sauti za a, e, i, o, u ni nzito. Hizo nazisikia. Sauti za s, f, t na k ni nyembamba na dhaifu. Hizo ndizo zinazonipotea. Sasa tazama maneno haya: "wanakufa" na "wanakula." Tofauti ni herufi moja tu. Mtu akikosa kusikia ile f, ubongo wake hutafuta neno la kujazia. Wangu ulijazia "kula."

Tena simu ya kawaida haipitishi sauti yote ya mtu. Sauti nyembamba hupungua njiani. Hata mwenye masikio mazima huweza kuchanganya f na s kwenye simu. Zaidi ya hayo, kwenye simu humwoni msemaji. Watu wenye masikio mazito hutazama midomo na uso bila kujua. Mama yule angesema nami ana kwa ana, ningeona uso wake. Ningejua kuna msiba.

Liko jambo la ajabu katika historia ya simu. Alexander Graham Bell, aliyepata hati ya uvumbuzi wa simu huko Marekani mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake hakusikia vizuri, na mke wake alikuwa kiziwi. Lakini simu yake haikuwafaa viziwi kwa miaka mingi. Mwaka 1964 Mmarekani mmoja kiziwi, Robert Weitbrecht, alitengeneza chombo cha kupitisha maandishi katika waya wa simu. Kisha mwaka 1992 ukatumwa ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ya mkononi. Ujumbe huo ndio tunaouita meseji. Leo hata simu ndogo ya bei nafuu inatuma meseji.

KIJANA FUNDI SEREMALA

Nilifundishwa kutumia simu upya na kijana mmoja fundi seremala wa Mbagala. Yeye ni kiziwi tangu utotoni. Alisoma Shule ya Viziwi Buguruni, hapa hapa Dar es Salaam. Shule hiyo ilianza mwaka 1974.

Nilikwenda kwake kutengeneza mlango. Niliongea, naye akanionyesha sikio lake na kutikisa kichwa. Akatoa simu, akaandika, "Mlango upana gani?" Nikaandika jibu. Akaandika bei. Tukamaliza mapatano bila kosa. Vipimo vyote vilikuwa vimebaki kwenye simu yake na yangu. Nilikumbuka ile mifuko tisa ya mbolea.

Nikamwandikia, "Mimi pia sisikii vizuri. Watu hawajui."

Akasoma, akanitazama. Akaandika, "Unaficha nini? Mimi wateja wote wanajua. Wanaandika."

Kisha akanionyesha kazi anazofanya kwa simu. Wateja humletea meseji na picha za makabati. Fedha hupokea na kutuma kwa simu. Akitaka kuongea na viziwi wenzake, hupiga simu ya picha na kuzungumza kwa lugha ya alama. Mikono yake ilikwenda haraka na uso wake ulicheka. Nikaona kwamba mtu asiyesikia kabisa alikuwa anaitumia simu vizuri kuliko mimi ninayesikia nusu.

NILISIMAMA MBELE YA WATU

Mwezi uliofuata palikuwa na mkutano wa mtaa. Niliomba nafasi kwa mwenyekiti. Nikasimama, miguu inatetemeka. Nikasema, "Ndugu zangu, masikio yangu ni mazito. Mama huyu alinipigia simu kuku wanakufa. Mimi sikusikia, nikamjibu ndiyo. Kosa ni langu. Naomba radhi kwake na kwa majirani."

Watu walinyamaza. Niliona midomo ya wengine inanong'ona. Yule mama akainuka. Alikuja mpaka karibu yangu, akasema kwa sauti pole pole, nami nilimsikia neno kwa neno.

"Mwanangu, kutoka kwangu hadi kwako ni mwendo wa nusu saa. Ungeniambia husikii, ningekuja kwa miguu."

Ndugu wasomaji, sikuwa na jibu. Kuku wake walikufa kwa ugonjwa. Lakini waliuzwa na kuambukiza nyumba nyingine kwa sababu ya aibu yangu.

Mkuu wangu wa kazi naye nilimweleza. Sikufukuzwa. Alitoa agizo kwamba taarifa za wakulima ziletwe kwangu kwa maandishi. Baadaye nilijua kwamba nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria hiyo inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu wake. Miaka mitatu nzima niliogopa bila kuuliza.

MAMBO YA KUFANYA KWENYE SIMU

Haya ndiyo ninayofanya sasa. Nawe unaweza kuyafanya.

1. Sema mapema. Mtu akipiga, mimi husema kwanza, "Masikio yangu ni mazito. Sema pole pole." Watu wengi hukubali.

2. Ondoka kwenye makelele. Ukiwa kituoni au sokoni, mwambie mwenzako utampigia baadaye. Kisha mpigie kweli.

3. Tumia sikio lililo zima zaidi. Au weka simu kwenye spika, ukiwa katika chumba kimya, ili masikio yote mawili yasikie.

4. Rudia ulichosikia. Usiseme "ndiyo." Sema, "Umesema kuku wanakula?" Mwenzako atakusahihisha papo hapo.

5. Taja tarakimu moja moja. Usiseme "sitini" tu. Sema "sita, sifuri." Usiseme "tisini" tu. Sema "tisa, sifuri."

6. Usipoelewa, omba wabadilishe maneno. Mtu akirudia neno lile lile huenda usilisikie tena. Akisema "kuku wamekufa, nimewazika," utaelewa.

7. Omba meseji. Jambo lenye fedha, dawa, tarehe au vipimo liandikwe. Maandishi unaweza kuyasoma mara ya pili.

8. Weka simu itikisike inapoita. Ikiwa mfukoni utaisikia mwilini hata usiposikia mlio.

9. Linda namba yako ya siri. Mtu asiyesikia hupenda kumpa mwingine simu amsikilizie. Chagua mtu mmoja unayemwamini. Namba ya siri ya fedha usimpe yeyote. Meseji ikikuambia utume fedha kwa namba usiyoijua, usitume. Uliza kwanza.

Wenye simu kubwa za intaneti wana msaada mwingine. Zipo programu zinazosikiliza maneno na kuyaandika kwenye kioo cha simu. Mwaka 2017 kampuni ya Google iliongeza Kiswahili katika programu yake ya kuandika sauti. Mashine hukosea mara nyingine, kwa hiyo mambo ya dawa na fedha yahakikishe.

Nawe unayempigia mtu mwenye masikio mazito, usipige kelele. Kelele huharibu maneno. Sema wazi, pole pole, na usichoke kurudia. Usiseme, "Basi, si kitu." Neno hilo linaumiza. Ukiwa naye ana kwa ana, simama mbele yake mahali penye mwanga, usizibe mdomo kwa mkono.

MAHALI PA KUPATA MSAADA

Anza zahanati au kituo cha afya. Mara nyingine ni nta tu iliyoziba sikio, na mganga ataitoa. Ikiwa shida ni kubwa, utapewa barua kwenda hospitali yenye wataalamu wa masikio. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inao. Mwaka 2017 Muhimbili ilianza kuwapandikizia vifaa vya kusikia watoto waliozaliwa viziwi. Zamani watoto hao walipelekwa India.

Mimi daktari alinishauri kifaa cha kusaidia kusikia. Kinakaa nyuma ya sikio. Bei yake si ndogo. Niliweka akiba kidogo kidogo zaidi ya mwaka, nikapata kimoja. Kifaa hakirudishi masikio ya ujana. Kinakuza sauti tu, na mwanzoni hata sahani zikigongana utashtuka. Kwenye simu kilipiga mluzi. Nikafundishwa kuisogeza simu juu kidogo, karibu na kifaa chenyewe, na kuiacha mbali kidogo na tundu la sikio.

Kipo pia Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA. Kina matawi mikoani. Mwenye mtoto kiziwi asimfiche ndani. Ziko shule za viziwi Tabora, Buguruni, Mwanga na kwingineko. Mwulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu.

MESEJI YA MAMA

Nilisema wakulima waniandikie meseji. Lakini yule mama alikuwa hajui kuandika. Mwaka 2019 alijiunga na darasa la elimu ya watu wazima. Watu walimcheka kidogo. Yeye alisema, "Nina kuku."

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, simu yangu ilitikisika mfukoni. Palikuwa na meseji kutoka kwake. Iliandikwa kwa herufi kubwa, bila nukta:

KUKU MOJA AMEZUBAA SIJAUZA NJOO

Nilipanda pikipiki. Nilifika kabla ya saa nne. Kuku yule tulimtenga. Siku ile ile tuliwachanja kuku wazima wa majirani waliokuwa hawajachanjwa. Yule kuku alikufa, naye mama akamzika. Wengine walipona, kwa sababu safari hii walikuwa wamekwisha kuchanjwa mapema.

Ndugu msomaji, wewe unayejifunza kusoma na kuandika, usidhani elimu yako ni yako peke yako. Katika mtaa wako yuko mtu asiyesikia vizuri. Mwandikie. Na kama mtu huyo ni wewe, sema leo. Mwambie mke wako au mume wako, mwambie mwenyekiti wa mtaa, mwende zahanati. Usijibu "ndiyo" kwa jambo ambalo hukulisikia.